Data ya Saa Tatu Hadi Saa Nane

Mwezi ule data iliisha tarehe kumi na saba. Nilikuwa mezani nikinukuu mkutano wa wakulima wa viazi wa upande wa Londiani. Mzee mmoja alikuwa akilalamikia mbegu iliyooza, akafungua mdomo amalizie neno, na mdomo ukabaki wazi. Kiduara kikaanza kuzunguka juu ya uso wake. Nikangoja. Simu yangu ikalia: nimefikia kikomo cha kifurushi cha mwezi, kasi imepunguzwa mpaka tarehe mosi.

Nilikuwa na miaka hamsini na tatu. Nilikuwa nimeacha kufundisha miaka miwili kabla ya hapo, baada ya koo langu kukataa kazi ya kupaza sauti mbele ya watoto sitini, nikapata hii kazi ya kukaa kimya. Watu fulani wa utafiti kule Nairobi hunitumia mikutano iliyorekodiwa, nami nasikiliza na kuandika kila linalosemwa. Video zenyewe hazikai kwenye kompyuta yangu. Zinachezwa kutoka kwenye tovuti yao, kwa hiyo kila ninaporudisha nyuma nisikie neno lililomezwa, data inakatwa tena. Na wakulima wetu wanameza maneno sana.

Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, nusu saa kwa miguu kutoka Litein, chai mbele na chai nyuma. Mtandao wa nyumbani tuliufunga kwa ajili ya kazi hiyo: GB mia moja kwa mwezi. Aliyekuja kufunga ruta aliapa hatutazimaliza. "Mama, hizo mtashindwa kula," alisema. Miezi minne alisema kweli. Wa tano zikaisha tarehe ishirini na sita, wa sita tarehe ishirini na moja, na sasa kumi na saba. Zikiisha, mtandao haufi, unazeeka tu. Barua pepe inafika kwa kujikokota, lakini video haiendi hata ukiiombea.

Tulikuwa watu wanne nyumbani. Mume wangu, ambaye siku yake inaanzia kwa ng'ombe na kuishia kituo cha kuuzia majani ya chai. Binti yetu wa chuo, aliyekuwa kwenye likizo ndefu. Mimi. Na mama mkwe, ambaye watoto wetu humwita kogo, kama Wakipsigis wanavyoita nyanya zao. Yeye ana nyumba yake ndogo na jiko lake la kuni ng'ambo ya ua, hatua ishirini kutoka mlango wangu. Mimi si Mkipsigis. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuma chai ya kampuni, nikazaliwa kwenye kambi za wafanyakazi huko Kericho, na miaka ishirini na saba ya ndoa imenipa Kikipsigis cha sokoni tu. Kwa hiyo mimi na mama mkwe tunaongea Kiswahili, chake kikiwa na p mahali pa b, changu kikiwa na haraka ya mwalimu.

Tarehe mosi iliyofuata nilianza kuandika. Fundi alikuwa ameniachia neno la siri la kuingilia ukurasa wa matumizi, na mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kuufungua. Nikachukua daftari la shule lililobaki, nikapiga mistari. Asubuhi baada ya maziwa, adhuhuri, na saa kumi, nilisoma tarakimu, nikatoa ile ya awali, nikaandika kilichopungua. Nilifanya hivyo kila siku. Ilikuwa kazi juu ya kazi. Kuna siku nilikuwa nimesimama na sufuria ya chai mkononi nikakumbuka sijasoma data, nikairudisha sufuria mezani na kwenda, chai ikapoa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kompyuta yenyewe. Niliibeba hadi Litein kwa dada mmoja anayetengeneza kompyuta nyuma ya soko. Aliifungua, akatikisa kichwa.

"Hii inajisasisha bila kukuuliza, mwalimu. Na kila picha uliyo nayo inaipeleka kuhifadhiwa huko mtandaoni, hata ile ya kidole chako."

Akazima hiki, akafunga kile, akanionyesha mahali pa kuona kila programu imekula kiasi gani. Nilirudi nyumbani nikiwa na matumaini. Wiki hiyo kompyuta ilikula GB mbili kwa siku, kazi yangu yote ikiwa humo. Daftari lilisema nyumba nzima inapoteza karibu saba.

Nilimkuta binti yangu sebuleni, miguu juu ya kiti, simu mkononi.

"Data inaenda wapi?"

"Data gani?"

"GB tano kila siku. Nimeandika."

"Mama, mimi naangalia vitu kidogo tu." Akanyoosha mkono wenye simu. "Chukua, angalia mwenyewe."

Sikuichukua. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupenda jibu lililo karibu. Nilimwambia sihitaji kuangalia kitu ninachokijua, na kwamba azime waifai kwenye simu yake mpaka mwezi uishe. Nilisema mengine pia, kuhusu watu wazima wanaokaa miguu juu huku mama zao wakihangaika. "Sawa, Mama," alisema. Kesho yake alipanga nguo kwenye mkoba akaenda Kapsoit kwa shangazi yake, dada ya mume wangu. Akasema huko ana utulivu wa kusoma.

Jioni mume wangu aliuliza mtoto ameenda kwa nini.

"Data," nikasema.

Aliniangalia kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akachukua ndoo ya maziwa akatoka.

Binti aliondoka Jumatatu. Jumanne data ilipungua GB tano zaidi ya zile za kompyuta, vilevile kama alipokuwepo. Nilisoma ile tarakimu mara tatu. Ningeweza kumpigia simu siku hiyohiyo. Nilijiambia ningoje nipate ushahidi kamili, na ukweli ni kwamba niliona aibu.

Nikaanza kusoma kila saa. Ndipo nilipoona jambo ambalo mistari yangu ya asubuhi na adhuhuri ilikuwa imelificha: data ilianza kuondoka saa tatu asubuhi na kukoma saa nane mchana, kama mtu anayefungua mfereji na kuufunga. Jumapili haikuondoka, lakini Jumapili tunakuwa kanisani sote. Kilichonisumbua ni Jumatano. Jumatano pia haikuondoka, na Jumatano mimi nilikuwepo, mume wangu alikuwepo. Nilimpigia yule dada wa Litein. Akaniambia niangalie orodha ya vifaa vilivyoshikana na ruta. Vilikuwa vinne: kompyuta, simu yangu, simu ya mume wangu, na kitu kingine kisicho na jina, herufi na tarakimu tupu.

Nilimfikiria jirani wa chini. Nilimfikiria yule aliyefunga ruta. Mama mkwe sikumfikiria kabisa. Simu yake niliyoijua mimi ilikuwa ndogo ya vibonyezo, iliyofungwa kwa mpira, na aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto.

Alhamisi, saa nne asubuhi, nilichomoa waya wa ruta ukutani nikasimama mlangoni kuona nani atatoka.

Haikuchukua dakika mbili. Kutoka jikoni ng'ambo ya ua nilisikia mama mkwe akiita jina la mwanawe wa mwisho, mara ya kwanza kwa mshangao, mara ya pili kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akatoka nje, kitambaa kimemtoka kichwani, simu ya skrini kubwa mkononi. Aliponiona alininyooshea.

"Amepotea," alisema. "Alikuwa analala, sasa amepotea."

Nilirudi ndani nikachomeka waya. Nilipoingia jikoni kwake, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi juu ya rafu, na yeye amesimama mbele yake, mikono kifuani, akingoja. Baada ya muda ikalia. Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama alivyofundishwa. Picha ikarudi. Niliona kitanda cha chuma cha ghorofa, na kwenye kile cha chini shemeji yangu, macho mekundu, akimuuliza mama yake kwa Kikipsigis kuna nini. Mama akamjibu. Akageuka, akavuta shuka mpaka kiunoni, na baada ya dakika chache alikuwa amelala tena, mdomo nusu wazi.

"Mama," nikauliza, "kila siku?"

"Kila siku. Jumatano hapana, niko kwa maombi ya akina mama. Jumatano anaomba rafiki amwangalie."

Alivuta kigoda, akaketi, akaanza kuchambua mboga, macho yakienda kwenye rafu na kurudi. Ndipo akanieleza. Shemeji ni mlinzi wa maghala huko Ghuba, Uarabuni. Anafanya kazi usiku, analala mchana, chumba kimoja na wanaume saba wa zamu mbalimbali. Simu ile alimwachia mama yake alipokuwa anaondoka. Kisha miezi kadhaa iliyopita, mwenzake aliyekuwa akilala kitanda cha juu alirudi kutoka kazini, akapanda, akalala.

"Watu wakapita," mama mkwe alisema. "Wengine wakaingia, wengine wakatoka. Wakasema amechoka, mwache. Jioni wakaenda kumwamsha aende kazi, wakamkuta baridi."

Aliondoa jani bovu akalitupa.

"Tangu hiyo siku akaogopa kulala. Akaniambia, Mama, niangalie. Mimi naangalia kifua. Kikienda juu, kikirudi, naendelea na kazi yangu."

"Na ukiona hakiendi?"

"Napiga kelele. Kuna watu hapo. Watasikia." Akainua macho kwenye skrini. "Pado kinaenda."

Nilimfuata mume wangu shambani. Alikuwa katikati ya chai, kikapu mgongoni, mvua ikianza kunyunyiza. Nilisimama kwenye njia.

"Ulijua."

Hakuuliza nini. "Mimi ndiye nilimwekea lile neno la waifai."

"Mbona hukuniambia? Mtoto ameenda Kapsoit kwa ajili hii."

"Ningekuambia nini? Kwamba mama anamaliza data akimwangalia mtu aliyelala? Ungefunga."

Nilitaka kukataa, lakini alisema kweli. Ningefunga. Nilikuwa na mikutano mitatu ya kumaliza kabla ya Jumatatu, na hata pale shambani, nikimwangalia akichuma majani mawili na chipukizi, akili yangu ilikuwa ikitoa tano kwenye zilizobaki.

Tulijaribu sauti peke yake. Nilimweleza mama mkwe kwamba sauti haili sana, na akaniruhusu kuzima picha. Alikaa na simu sikioni asubuhi nzima, mkono ukibadilishwa na mkono. Saa sita akaniita. Alikuwa akisikia feni, alisema. Feni haina shida ya kupumua.

Nadhani ni yeye aliyemwambia shemeji. Jioni niliona ujumbe wake: "Shemeji pole sana. Sikujua ni nyingi hivyo. Nitaacha, usijali."

Akaacha. Tarakimu zikashuka mpaka mbili kwa siku, moja na nusu, mbili. Kila kitu nilichokuwa nimekitaka kwa miezi mitatu nilikipata kwa siku moja, na kazi yangu ikaenda bila kukwama. Ikifika saa tatu mama mkwe alikuwa anatoka na kigoda, anakaa nje ya jiko akielekea barabarani, bakuli la mboga miguuni halijaguswa. Saa nane anakuja mlangoni kwangu kuuliza kama mwanawe ameandika. Nikimwambia ameandika, ameamka, anaitikia na kurudi. Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi kama angenilaumu, maana mimi ni hodari wa kujibu lawama.

Nilivumilia siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nilimpigia shemeji mwenyewe, saa aliyokuwa akitoka zamu.

"Mfungulie mama tena," nikamwambia.

"Na kazi yako, shemeji?"

"Kazi yangu nitajua."

Akaniambia kwamba tangu aache, alikuwa anaweka kengele ya simu ilie kila baada ya saa moja, ajue kwamba bado anaamka. Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kufika kwake.

Basi kazi yangu ikahamia Litein. Siku tatu kwa wiki nilibeba kompyuta mgongoni, nikashuka kilima, nikakaa kwenye kiti cha plastiki katika duka la yule dada, visikizi masikioni, watu wakija kuchapisha barua na kupiga picha za pasipoti nyuma ya kisogo changu. Mikutano ile inahitaji utulivu. Nilirudia sentensi moja mara tano, sita, kwa sababu mtu alikuwa akibishana kuhusu rangi ya karatasi. Mvua ya alasiri ilinikuta njiani karibu kila mara, kompyuta nikiwa nimeifunga kwenye mfuko wa mbolea. Nilichelewesha mikutano miwili. Wale wa Nairobi waliandika kwa heshima kwamba nusu ya kazi wameigawia mtu mwingine kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo.

Kapsoit nilikwenda Jumamosi. Binti yangu alikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake akimenya viazi. Hakusimama.

"Haikuwa wewe," nikamwambia.

"Nilijua haikuwa mimi."

"Nimekuja kuomba msamaha."

Alimenya kiazi kizima mpaka mwisho. "Si ulikuwa umeandika," alisema.

Nilichukua kisu kingine nikakaa karibu naye, nikamweleza yote. Mwanzoni alicheka: "Kogo anajua kupiga video?" Nilipofika kwa yule wa kitanda cha juu akaacha kucheka. Hakurudi nami siku hiyo. Alirudi wiki iliyofuata, na hata baada ya kurudi, kwa muda mrefu, kila akifungua simu mbele yangu alisema, "Mama, hii ni bando yangu." Nami nilijibu, "Najua." Lilikuwa jambo dogo, na kila mara lilinichoma.

Kuna Ijumaa moja mama mkwe alipelekwa na mume wangu hospitalini kwa ajili ya macho. Asubuhi hiyo alikuja na simu, akaiweka juu ya meza yangu, akaiegemeza kwenye kikombe.

"Leo wewe," alisema.

Nilidhani nitaandika huku nikimwangalia. Sikuandika hata mstari. Nilikuwa sijawahi kumwangalia mtu mzima akilala kwa saa tano, hata mume wangu. Soksi moja ya shemeji ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Mkono wake ulishtuka mara kwa mara, kama unaofukuza kitu. Watu walipita mbele ya kitanda na ndoo na mataulo, mmoja akanipungia mkono. Shuka lilipanda na kushuka, na kila liliposhuka nilijikuta nangoja. Shingo yangu ikaanza kuuma. Nilifikiria kwamba mama mkwe ana miaka sabini na kitu na amekuwa akifanya hivi kila asubuhi, akichambua mboga.

Karibu saa saba shemeji aligeukia ukutani. Kifua sikukiona tena. Niliona mgongo na shuka tu, na shuka halikuonekana kusogea. Nilisogeza uso mpaka kwenye kioo. Nikahesabu. Kisha nikapiga kelele, kwa lile koo langu bovu, kana kwamba niko darasani.

Aliruka akagonga kichwa kwenye chuma cha kitanda cha juu. Wanaume wawili zaidi wakaketi vitandani mwao.

"Shemeji! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa sikuoni."

Alijisugua kichwa. Mmoja wa wale wawili alisema kitu, wakacheka wote watatu, kicheko cha watu wenye usingizi. Kisha shemeji akajilaza kwa upande wa huku, uso kwangu, akanyoosha shuka vizuri juu ya kifua.

"Sasa unaona?"

"Naona. Lala."

Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi mitano. Kisha akahamishiwa zamu ya mchana kwenye jengo lingine. Sasa analala usiku kama wengine, na chumbani wako wawili tu, wamekubaliana anayeamka kwanza amwamshe mwenzake. Mama mkwe aliuliza huyo mwenzake ni mtu wa wapi na kama usingizi wake ni mzito. Alijibiwa. Sidhani kama aliridhika, lakini simu imerudi kwenye mfuko wake wa kanisani, na saa tatu anakwenda shambani.

Mwezi uliopita tulibakiza GB arobaini. Mume wangu amesema, na ni kweli, kwamba kwa kazi iliyonibakia kile kifurushi ni kikubwa mno, tuchukue kidogo. Nimemwambia tungoje kwanza. Shemeji bado ana mwaka mmoja huko, na zamu hubadilika.